Nyumba Mbili Zisizolingana: Romeo na Juliet Katika Mitaa ya Wahamiaji wa New York

Kisa cha kijana na binti waliopendana, hali jamaa zao zikichukiana, kilikuwa kimekwisha kusafiri sana kabla ya kumfikia Shakespeare. Masuccio wa Salerno aliandika kisa cha namna yake mwaka 1476, akakiweka katika mji wa Siena, wala yeye hakutaja uadui wa nyumba mbili. Uadui huo uliingia kwa Luigi da Porto, ambaye yapata mwaka 1530 alikihamishia kisa Verona na kuwapa wapenzi majina yanayojulikana leo. Matteo Bandello akakisimulia upya mwaka 1554, kikapita Ufaransa, na mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke akakitunga kwa mashairi. Shakespeare alikitwaa kwa Brooke, akatoa mchezo uliopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1597. Kila aliyekipokea alikikata na kukishona kwa kimo chake. Umri wa binti, mathalan, ulizidi kupungua: kwa Bandello ana miaka 18, kwa Brooke 16, na kwa Shakespeare hajatimiza hata 14.

Asili ya ugomvi wa Montague na Capulet Shakespeare hakuieleza. Msikilizaji aambiwa tu kwamba ni wa kale, na kwamba nyumba hizo mbili ni sawa kwa heshima. Usawa huo ndio nguzo ya mchezo wote. Zote mbili zina mali na watumishi wenye panga, zasema lugha moja, zasali kanisa moja, na zinahukumiwa na Mtawala mmoja asiyependelea upande. Romeo akimwoa Juliet hakuna atakayesema kuwa amejishusha, wala Juliet hatapoteza lugha yake wala ibada yake. Ndiyo sababu mwishoni baba wawili waweza kupeana mikono juu ya maiti za watoto wao: deni la kila mmoja lalingana na la mwenziwe.

Watunzi wa karne ya ishirini walipotaka kukipa kisa hicho sababu ya siku zao, wakachagua sababu ya wageni na wenyeji, na usawa ule ukavunjika. Mchezo wa West Side Story, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1957, ndio mfano mashuhuri kuliko yote, na makosa yake yafundisha kama yafundishavyo mafanikio yake. Linalotafutwa hapa ni hili: mapenzi ya vijana wawili yalipatwa na nini, nyumba mbili zilizolingana zilipogeuzwa kuwa mwenyeji na mhamiaji.

Wazo lilikuwa la Jerome Robbins, mtunzi wa dansi. Mnamo Januari 1949 alimweleza Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki, na Arthur Laurents, mwandishi wa michezo, kwamba Romeo na Juliet waweza kuishi katika mitaa ya mashariki ya Manhattan, mmoja Mkatoliki na mwingine Myahudi, na mapigano yakatukia katika siku ambazo Pasaka ya Wakristo na ile ya Wayahudi hukaribiana. Mchezo ungeitwa East Side Story. Wote watatu walitoka katika jamaa za Kiyahudi; wazazi wa Robbins na wa Bernstein walikuwa wamehama kutoka dola ya Urusi. Mambo ya wahamiaji waliyajua kwa kuyanyonya, si kwa kuyasoma.

Hata hivyo kazi haikuendelea. Laurents alihisi kuwa jambo hilo limekwisha kuchezwa, naye hakukosea. Abie's Irish Rose, mchezo wa Anne Nichols, ulikuwa umeonyeshwa mara 2,327 kati ya mwaka 1922 na 1927: kijana wa Kiyahudi na binti wa Kiairishi waoana, wazee wafoka, wajukuu mapacha wazaliwa, na watu waenda nyumbani wakicheka. Jambo lililochekwa na mji mzima kwa miaka mitano haliwezi tena kuua watu jukwaani. Tena ugomvi wenyewe ulikuwa umepoa. Sheria ya mwaka 1924 iliwawekea watu wa kusini na mashariki ya Ulaya idadi ndogo sana ya kuingia Marekani. Wageni wapya walipopungua, watoto wa wageni wa zamani walizidi kuonekana wenyeji. Kisa kilikuwa chahitaji nyumba nyingine ya kuchukiwa.

Nyumba hiyo ilikuwa ikihamia New York kwa ndege. Kisiwa cha Puerto Rico kilitwaliwa na Marekani kutoka kwa Wahispania mwaka 1898, na kwa sheria ya Machi 1917 watu wake walipewa uraia wa Marekani. Sheria ya 1924, basi, haikuwahusu. Baada ya vita ya pili ya dunia serikali ya kisiwa ilishika mpango wa kuacha kutegemea miwa na kujenga viwanda. Lakini viwanda havikutosha kuwapokea wote walioondoka mashambani, na nauli ya ndege kwenda New York ilikuwa imeshuka. Mwaka 1940 watu wa Puerto Rico katika mji huo walikuwa yapata 61,000. Mwaka 1950 walikuwa yapata 246,000, na mwaka 1960 yapata 612,000, hali kisiwa chenyewe mwaka 1950 kilikuwa na watu milioni mbili na kidogo. Wengi waliingia katika viwanda vya nguo, jikoni mwa mahoteli, na katika kazi za usafi. Walipangisha vyumba katika majumba ambayo Wairishi, Waitalia na Wapolandi walikuwa wakianza kuyahama, na hapo wakakutana na wale ambao hawakuwa na uwezo wa kuhama.

Hapa pana tatizo la msamiati linalostahili kutazamwa kidogo. Katika Kiswahili neno mgeni lina nyuso mbili: ni yule anayekaribishwa, na ni yule asiyejulikana. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, yamhesabu kuwa ni heri. Ile isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, yamwekea mpaka, lakini jembe lenyewe ni njia ya kumwingiza katika kazi ya nyumba. Neno mhamiaji ni kavu zaidi, laeleza mwendo tu. Wala hakuna hata moja kati ya hayo linalomkaa sawasawa mtu wa Puerto Rico katika New York ya miaka ile. Hakuwa mgeni kwa dola, maana alikuwa raia tangu kuzaliwa. Hakuwa mhamiaji mbele ya sheria, maana hakuvuka mpaka wa nchi. Na mwenyeji hakukubaliwa kuwa. Jimbo la New York lilimtaka mpiga kura mpya ajue kusoma na kuandika Kiingereza. Kwa hiyo mtu aliyesoma shule ya kisiwani kwa Kihispania aliweza kuwa raia asiye na kura. Hali hiyo ilidumu mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipokubali kuwa aliyemaliza darasa la sita katika shule za Puerto Rico asizuiwe kwa ajili ya lugha, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha sheria hiyo. Ubaguzi, basi, haukungoja kujua nani ni mgeni. Wenyewe ndio uliomfanya raia kuwa mgeni, na chombo chake kikubwa kilikuwa lugha.

Mwaka 1955 Bernstein na Laurents walikutana Beverly Hills, wakasoma gazetini habari za mapigano ya vijana wa Kimeksiko katika Los Angeles. Wazo la 1949 likafufuka. Laurents hakuwajua Wameksiko, lakini New York aliijua. Akapendekeza watu wa Puerto Rico. Maneno ya nyimbo alipewa Stephen Sondheim, aliyekuwa na miaka 25. Yasimuliwa kuwa alisita kwanza, akisema kuwa hajawahi kuwa maskini kiasi hicho wala kumjua mtu wa Puerto Rico hata mmoja. Ni maneno ya mtu mnyofu, na yafaa kukumbukwa kila sifa za mchezo huu zinapotajwa.

Mchezo ulifunguliwa Washington tarehe 19 Agosti 1957, kisha New York tarehe 26 Septemba, ukaonyeshwa huko mara 732. Siku moja kabla ya usiku huo wa New York, askari wa serikali kuu waliwasindikiza wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya Central High mjini Little Rock, katika jimbo la Arkansas. Wakati huo majimbo mengi yalikuwa bado na sheria za kukataza ndoa baina ya weupe na weusi, na hazikubatilishwa zote mpaka hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1967. New York haikuwa na sheria ya namna hiyo. Kilichowazuia vijana wa mchezo huu hakikuandikwa mahali popote, na labda kwa hiyo hakikuwa na wa kukifuta.

Habari yenyewe ni fupi. Makundi mawili ya vijana yagombania mtaa. Jets ni wana wa wahamiaji wa zamani kutoka Ulaya. Sharks ni wa Puerto Rico, na kiongozi wao ni Bernardo. Tony, aliyekuwa Jet na sasa anafanya kazi katika duka la dawa la mzee Doc, akutana dansini na Maria, dada yake Bernardo, aliyeletwa mjini juzi juzi ili aolewe na Chino. Wapendana papo hapo. Katika mapigano Bernardo amwua Riff, rafiki wa Tony, na Tony amwua Bernardo. Usiku huo Chino ampiga Tony risasi. Roshani ya Verona imekuwa ngazi ya chuma iliyo ukutani mwa jumba la kupanga, ile wanayokimbilia watu moto ukiwaka. Ndoa ya siri mbele ya mtawa imekuwa mchezo wa kujifanya maarusi, Maria na Tony wakisema maneno yao mbele ya vinyago vya duka la nguo za arusi anamofanyia kazi binti huyo.

Mabadiliko ya namna hiyo yaonekana kwa macho. Makubwa zaidi ni yale yaliyoingia chini ya kisa, bila ya watunzi wenyewe, yamkini, kuyaona yote.

La kwanza ni la Mtawala. Katika Verona yeye huwakemea wote wawili kwa sauti moja, na adhabu yake haiulizi jina la mtu. Mahali pake katika New York amekaa Schrank, ofisa wa polisi. Huyo awafukuza Sharks dukani kwa matusi; wakiisha kutoka, awageukia Jets na kuwaambia kwamba kama wataka kuwaondoa watu hao mtaani, yeye yuko tayari kuwapa mkono. Dola, basi, imechagua upande kabla ya jiwe la kwanza kurushwa. Lakini watunzi walikwenda hatua moja mbele, na hapa ndipo ujuzi wao wa wahamiaji ulipowafaa. Jets wanyamaza, hawamwambii mapigano yatakuwa wapi. Schrank akasirika, nao pia awatukana kwa asili ya wazazi wao, kuwa ni takataka za wahamiaji. Kumbe uenyeji wao ulikuwa wa kuazimwa, na mwenye mali aweza kuudai wakati wowote. Katika michezo ya miaka ile si rahisi kupata maneno machache yanayoonyesha wazi hivyo kwa nini maskini wa jana humchukia maskini wa leo.

La pili ni la wazazi. Montague na Capulet wapo jukwaani tangu mwanzo, na ugomvi ni mali yao, watoto wameurithi. Katika West Side Story wazazi hawaonekani. Baba yake Maria yasikika sauti tu ikimwita kutoka ndani. Watu wazima waliomo ni polisi wawili, msimamizi wa dansi asiyesikilizwa, na Doc ambaye ni mwema na hana nguvu. Ugomvi umekuwa wa vijana wenyewe, kana kwamba waliubuni. Hapo mchezo wakosa ukweli kidogo. Chuki dhidi ya watu wa Puerto Rico haikuzaliwa vichochoroni kwa vijana wa miaka 16. Ilikuwamo katika mikataba ya kupanga vyumba, katika madawati ya shule, na katika karatasi za kura zilizokwisha kutajwa. Mapatano ya kweli yangewataka wenye majumba na wenye mamlaka wasimame mahali pa Montague na Capulet, nao hawakualikwa jukwaani.

La tatu ni la barua. Shakespeare alimpa mtawa mmoja barua ya kumpelekea Romeo, kumwarifu kuwa Juliet amelala tu, hakufa. Mtawa yule alifungiwa katika nyumba iliyodhaniwa kuwa na tauni, na barua haikufika; wapenzi wakafa kwa bahati mbaya. Wahakiki wengi wameona udhaifu hapo. Laurents naye aliuona, na badiliko alilolifanya alilionea fahari mpaka uzeeni, kwa haki. Katika mchezo wake mpeleka habari ni Anita, mpenzi wa Bernardo aliyeuawa jioni ile ile. Juu ya msiba wake aenda duka la Doc, kwa ajili ya Maria, kumwonya Tony. Jets wamkuta, wamzuia, wamwita majina ya taifa lake, wamrushia mikono, na wangemfanyia uovu mkubwa zaidi lau Doc asingetokea. Kwa hasira na aibu Anita abadili habari: asema Chino amemwua Maria. Tony asikia, atoka nje kuitafuta risasi ya Chino, naye aipata. Tauni imeondolewa, na mahali pake pamewekwa chuki. Habari haikupotea njiani; iligeuzwa na wale wale iliyokuwa iwaokoe. Katika hili mchezo mpya wapita ule wa zamani, na heshima ya Shakespeare haipungui kwa kusema hivyo.

La nne ni la mwisho. Juliet hufa, Maria hafi. Anyanyua bastola, awaelekezea wote, wa pande zote mbili, na ashindwa kuipiga. Kisha vijana wa makundi yote mawili wamwinua Tony na kumchukua. Wako waliouita mwisho huo mapatano. Lakini hesabu yataka kutazamwa: Tony alipotaka kuvuka alikuwa na duka, na kazi, na mji uliokuwa wake hata akifukuzwa na wenzake. Maria amempoteza kaka na mchumba pamoja na mpenzi, na habaki na mahali. Hana nyumba ya kurudi iliyo sawa na ile anayoiacha.

Wasomaji wa Kiswahili wanao mfano karibu nao zaidi. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Katika mchezo huu wa pili mna Jessica, binti wa Myahudi Shylock, anayetoroka usiku na Mkristo Lorenzo. Ni mapenzi ya vijana kuvuka ukuta wa ubaguzi, yaliyoandikwa karibu miaka ile ile ya Romeo na Juliet, na Shakespeare hakuficha nani avuka. Jessica aacha nyumba, aacha dini, na achukua mali ya baba yake kuipeleka upande wa pili. Lorenzo haachi kitu. Kwa hiyo Shakespeare alizijua nyumba zisizolingana, akaziwekea mchezo mwingine. Waliomfuata New York walichukua msiba wa nyumba zilizolingana, wakawatia ndani yake watu wa mchezo ule mwingine.

Jambo hilo laonekana hasa katika lugha. Mwaka 1957 Maria na Tony husemezana Kiingereza. Naam, Maria hata peke yake na watu wake husema Kiingereza, chenye matamshi ya kujifanya, kwa kuwa wasikilizaji ndio waliopaswa kuelewa. Tony atamka Kihispania mara moja, neno la mapenzi analolikariri baada ya Maria. Lakini katika mahali papo hapo pana jambo zuri lisilosemwa sana. Maria amwuliza jina lake kamili, naye ajibu kuwa ni Anton. Tangu hapo Maria amwita hivyo. Jina la Kipolandi, ambalo kijana alilikata ili afanane na wenyeji, arudishiwa na binti wa Kihispania. Kwa dakika moja wahamiaji wawili wamejuana.

Wimbo wa America ulileta manung'uniko tangu mwanzo. Ndani yake wasichana wa Puerto Rico wabishana, mmoja akikisifu kisiwa na Anita akikibeua kwa maradhi yake na wingi wa watu wake. La Prensa, gazeti la Kihispania la New York, lililalamika mwaka 1957, na likaonya kwamba watu wangekuja kusimama mlangoni kupinga. Watetezi walisema kuwa ni mzaha tu. Mtu wa Afrika ya Mashariki angeweza kudhani kuwa huu ni utani, naye anajua utani ni nini. Lakini utani una sharti lake: mtani hutukana naye hutukanwa, na kila upande una ulimi wake. Maneno ya Anita yalitungwa na mtu wa nyumba nyingine, yakaimbwa mbele ya watu wa nyumba nyingine, nao ndio waliocheka. Mtani wa kujibu hakuwapo. Filamu ilipotengenezwa mwaka 1961 wimbo uligawiwa wanaume na wanawake, mzaha mwingi ukageuzwa kuelekezwa New York yenyewe, na ubishi ukawa na pande mbili. Huo ni wimbo bora kuliko ule wa kwanza, na malalamiko yale hayakuwa ya bure.

Filamu ilipata tuzo 10 za Oscar. Maria alichezwa na Natalie Wood, binti wa wahamiaji kutoka Urusi, na nyimbo zake zikaimbwa na mwingine, Marni Nixon. Bernardo alikuwa George Chakiris, mwana wa wahamiaji wa Kiyunani. Kati ya wakubwa wa upande wa Sharks, Rita Moreno peke yake, aliyekuwa Anita, ndiye aliyezaliwa Puerto Rico, katika mji wa Humacao mwaka 1931. Alipelekwa New York akiwa na miaka mitano. Amesimulia kuwa wote walipakwa rangi moja ya kahawia iliyokolea, na alipolalamika kuwa watu wa kisiwa chake wana rangi za kila namna, hakusikilizwa. Naye alikuwa mwanamke wa kwanza wa kisiwa hicho kupata tuzo hiyo.

Baadhi ya picha za mwanzo zilipigwa katika mtaa halisi wa magharibi ya Manhattan, San Juan Hill, uliokuwa wa watu weusi na wa Puerto Rico. Ulikuwa tayari umehukumiwa kubomolewa ili pajengwe Lincoln Center, makao makubwa ya muziki na michezo. Rais Eisenhower alifungua ujenzi Mei 1959, na familia zipatazo 7,000 zilihamishwa. Jets na Sharks, basi, walicheza dansi ya kugombania mtaa mbele ya majumba ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kutolewa. Septemba 1962 ukumbi wa kwanza wa Lincoln Center ulipofunguliwa, aliyeongoza muziki alikuwa Leonard Bernstein. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Lakini ni vigumu kuupita mkutano huo wa mambo bila ya kusimama.

Wala isidhaniwe kuwa watu wa Puerto Rico walikuwa kimya wakingoja kusemewa. René Marqués alikuwa amekwisha kuandika La carreta, mchezo ulioonyeshwa mwaka 1953: jamaa yaacha shamba mlimani, yapita katika mtaa wa mabanda wa San Juan, yaishia New York, ambako mwana aliyeiamini mashine auawa na mashine, na mama aazimia kurudi kisiwani. Hakuna Romeo ndani yake. Msiba ni wa ardhi, sio wa arusi. Ulipochezwa kwa Kiingereza miaka ya sitini, Míriam Colón alikuwa mmoja wa wachezaji, na mwaka 1967 akaanzisha kikundi cha michezo cha Puerto Rico cha kuzunguka mitaani. Wasikilizaji wake walikuwa wale ambao tikiti ya Broadway iliwashinda.

West Side Story yenyewe imerekebishwa mara mbili kwa kufuata lugha. Mwaka 2009 Laurents, akiwa na miaka zaidi ya 90, aliuongoza tena mchezo huko Broadway, na Lin-Manuel Miranda akatia baadhi ya maneno na nyimbo za Sharks katika Kihispania. Baada ya miezi michache baadhi yake yalirudishwa Kiingereza. Mwaka 2021 Steven Spielberg alitoa filamu mpya, iliyoandikwa na Tony Kushner. Kubomolewa kwa San Juan Hill, ambako mwaka 1961 kulifichwa nyuma ya dansi, sasa kumo ndani ya kisa tangu picha ya kwanza. Kihispania chasemwa kwa urefu, na hakuna maandishi ya tafsiri chini ya picha; asiyekijua na akae kama akaavyo mgeni. Safari hii Tony ndiye ajifunzaye. Aomba afundishwe sentensi nzima ya Kihispania ya kumwambia Maria, akaikariri kwa ulimi mzito.

Anayemfundisha ni mwenye duka. Doc amekwisha kufa, na duka amewachia mjane wake, Valentina, mwanamke wa Puerto Rico aliyeolewa naye miaka mingi kabla ya siku hizo. Ndoa ambayo Tony na Maria hawakuipata ilikuwa imekwisha kufungwa na kuishiwa, nyuma ya meza ya kuuzia dawa, bila ya kutungiwa wimbo. Valentina alichezwa na Rita Moreno, aliyetimiza miaka 90 katika siku zile zile filamu ilipotoka. Jets wanapomzingira Anita mpya katika duka hilo, yeye ndiye anayeingia na kuwatenganisha naye, katika mahali alipokuwa amezingirwa mwenyewe mwaka 1961.